Nani atasahihisha? Utafiti wa hisabati nje ya chuo

Mwezi Julai 2025 programu mbili za akili mnemba, moja ya Google DeepMind na nyingine ya OpenAI, zilipewa maswali ya Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati iliyofanyika Sunshine Coast nchini Australia. Kila moja ilitatua maswali matano kati ya sita na kupata alama 35 kati ya 42, kiwango ambacho mwanafunzi akikifikia huvishwa medali ya dhahabu. Habari hiyo haikuchelewa kufika Dodoma, na tangu hapo nimeisikia ikirudiwa na vijana waliomaliza shahada za Hisabati wakakosa nafasi ya kubaki vyuoni: walimu wa sekondari za Bahi na Kongwa, watunza hesabu wa maduka ya Majengo, wengine wanaofundisha tuisheni Nkuhungu huku wakisubiri ajira. Kwao habari hii ni tangazo la uhuru. Wanasema mlango wa chuo sasa hauna kazi, kwa kuwa mwenye simu na bando ana msaidizi anayejua hisabati kuliko mhadhiri yeyote, na kwamba anayetaka kufanya utafiti aketi tu nyumbani kwake aanze.

Nawaheshimu sana vijana hawa, na shauku yao ni yangu pia, lakini nadhani wameisoma habari hiyo kwa kuruka mstari mmoja. Majibu ya Google DeepMind yalikubalika kwa sababu wasahihishaji wa mashindano yenyewe waliyapitia na kuyatolea alama. OpenAI nayo iliwatafuta washindi watatu wa zamani wa medali wayasome majibu ya programu yake. Kampuni zenye kompyuta zinazozidi za nchi nyingi zilihitaji binadamu anayejua hisabati aketi, asome mstari kwa mstari, kisha aseme kwamba hapa ni sawa. Hoja yangu inaanzia hapo. Mtu anaweza kufanya utafiti wa hisabati bila mshahara wa chuo na bila cheo cha chuo, na wako waliofanya hivyo kwa mafanikio makubwa. Lakini wote walimhitaji msomaji, na upungufu wetu mkubwa hapa Dodoma ni wa wasomaji kuliko ulivyo wa vitabu au wa kompyuta.

Historia ya hisabati iliyofanywa nje ya chuo ni ndefu, na mara nyingi husimuliwa nusu. Pierre de Fermat alikuwa mwanasheria wa mahakama ya Toulouse, na hesabu zake zilisafiri kwa barua. Misingi ya nadharia ya uwezekano ilitokana na barua alizoandikiana na Blaise Pascal mwaka 1654. Srinivasa Ramanujan alikuwa karani wa bandari ya Madras alipomwandikia G. H. Hardy wa Cambridge mwezi Januari 1913, baada ya wataalamu wengine kutoijali kazi yake. Sisi hukumbuka kipaji cha karani yule na kusahau kwamba jioni ile Hardy aliketi na mwenzake Littlewood wakazipitia zile kanuni moja baada ya nyingine. Marjorie Rice, mama wa nyumbani wa San Diego aliyeishia elimu ya sekondari, alisoma mwaka 1975 makala ya Martin Gardner kuhusu maumbo ya pembe tano yanayoweza kutandaza sakafu bila kuacha upenyo, akaanza kuchora jikoni kwake kwa alama alizojibunia mwenyewe, na hatimaye akapata aina nne mpya. Gardner alizipeleka barua zake kwa mwanahisabati Doris Schattschneider, ambaye alikaa na alama zile ngeni mpaka akazielewa na kuthibitisha kwamba mama yule alikuwa sahihi. Na David Smith, fundi mstaafu wa uchapaji huko Yorkshire, Uingereza, aliyelipata umbo lenye pande 13 linaloitwa kofia, ambalo hutandaza sakafu isiyo na mwisho bila mpangilio wake kujirudia, alimwandikia Craig Kaplan wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada. Uthibitisho uliotangazwa Machi 2023 una majina ya watu wanne.

Jina jingine linalotajwa sana katika mazungumzo haya ni la Yitang Zhang, aliyewahi kufanya kazi kwenye mgahawa wa Subway, na mwaka 2013 akathibitisha kwamba zipo jozi zisizo na mwisho za namba tasa zinazoachana kwa chini ya milioni 70. Ni mtu wa kupigiwa mfano kwa uvumilivu wake, lakini hafai kuwa mfano wa mtu wa nje. Alikuwa na shahada ya uzamivu, na wakati ule alikuwa akifundisha Chuo Kikuu cha New Hampshire. Tukimtumia kama hoja tunajidanganya.

Anayenigusa zaidi kuliko hao wote ni Kurt Heegner, mhandisi wa redio na mwalimu wa Berlin, ambaye mwaka 1952 alichapisha uthibitisho wa swali lililowasumbua watu tangu enzi za Gauss. Uandishi wake ulikuwa mgumu, ulikuwa na sehemu zilizoonekana kuwa na pengo, na yeye hakuwa na mwenzake wa kumwambia arekebishe wapi. Wataalamu walidhani amekosea. Alifariki mwaka 1965. Mwaka 1969 Harold Stark alionyesha kwamba lile pengo halikuwa na uzito waliolipa, na kwamba uthibitisho wa Heegner ulikuwa sahihi kimsingi. Miaka kumi na saba ilipita kati ya kuchapishwa kwa kazi ile na kueleweka kwake, ingawa jarida lilikuwa limeshaichapisha na yeyote aliyetaka angeweza kuifungua.

Chuo humpa mtafiti muda wa kufikiri, maktaba na msomaji. Maktaba imefunguka kwa kiasi ambacho walimu wetu hawakukiota. Hazina ya arXiv, iliyoanzishwa na Paul Ginsparg mwaka 1991, inamruhusu mtu wa Chamwino kusoma bure makala ile ile inayosomwa Paris siku hiyo hiyo. Anayetaka kuweka makala yake mle kwa mara ya kwanza, hata hivyo, hudhaminiwa na mtu aliyekwisha kuweka zake, na kwa hiyo tunarudi pale pale kwa msomaji. Muda ni suala zito ambalo nitalirudia. Kuhusu msomaji, naomba nieleze jambo moja lililonipata, kwa kuwa sijui namna nyingine ya kulionyesha kwa karibu.

Mwaka 1948 Paul Erdős na Ernst Straus waliuliza swali ambalo mwanafunzi wa darasa la sita anaweza kulielewa. Chukua sehemu yoyote ambayo kiasi chake ni 4 na asili yake ni namba nzima kuanzia 2 kwenda juu. Je, daima unaweza kuiandika kama jumla ya sehemu tatu ambazo kiasi cha kila moja ni 1? Kwa mfano, 4/5 ni 1/2 + 1/4 + 1/20, na 4/13 ni 1/4 + 1/18 + 1/468. Kompyuta zimekagua asili zote angalau hadi trilioni laki moja bila kukuta inayokataa, lakini uthibitisho haujapatikana. Mimi, mwalimu wa sekondari, nililishika swali hili kwa misimu miwili ya mvua, usiku, baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Nilianza kuziba mianya. Namba shufwa ni rahisi. Namba ambayo ukiigawanya kwa 4 inabakiza 3 ina kanuni yake, na inayobakiza 2 ukiigawanya kwa 3 ina kanuni nyingine. Niliendelea hivyo nikijaza kauntabuku nzima, mpaka nilipoanza kugawanya kwa 840 nikaona mabaki sita tu yamesalia bila kanuni: 1, 121, 169, 289, 361 na 529. Niliamini nimebakiza kanuni sita nimalize kazi. Niliwaandikia watu kadhaa ambao nilidhani wangeweza kuisoma, na majibu hayakuja. Ndipo nikampigia picha kurasa zile mwenzangu tuliyesoma naye chuo, ambaye sasa anafundisha mkoa mwingine. Baada ya siku tatu aliniandikia mstari mmoja: “Kaka, hayo mabaki yako sita, hebu tafuta kipeuo cha pili cha kila moja.”

Ni 1, 11, 13, 17, 19 na 23. Mabaki yote sita yalikuwa vipeo vya pili, yaani kila moja ni namba nzima iliyozidishwa kwa yenyewe, na Louis Mordell alikwisha kuonyesha katika miaka ya 1960 kwamba kanuni za aina niliyokuwa nikiitafuta haziwezi kamwe kupatikana kwa mabaki ya aina hiyo. Nilikuwa nimeifuata njia iliyozoeleka mpaka mahali ilipofungwa, na nilikuwa nimejiandaa kutumia misimu mingine miwili kusukuma ukuta. Anayekaa chuoni mara nyingi huambiwa jambo kama hilo akinywa chai na mwenzake. Mimi ilinibidi nisubiri mtu mmoja mwenye moyo wa kusoma picha za kauntabuku kwenye simu.

Hapa vijana wangu wananijibu, na jibu lao lina nguvu, kwa hiyo nalipa nafasi yake. Wanasema kwamba leo programu ya akili mnemba ingenitajia Mordell kwa sekunde chache. Ni kweli. Nimejaribu, na ikamtaja. Mwezi Oktoba 2025 lilipotoka tangazo kwamba programu ya OpenAI imepata majibu ya maswali kumi ya Erdős, Thomas Bloom, mwanahisabati anayetunza orodha ya maswali hayo, alieleza kwamba majibu yale yalikuwa yameshachapishwa, na kilichofanyika ni kuyafukua. Wengi waliicheka kampuni ile. Mimi niliona kuwa kufukua kwenyewe ni msaada mkubwa kwa mtu wa Mpwapwa asiye na mkutubi wala mwenzake wa ofisi ya jirani, na sitaki kuubeza.

Wana hoja nyingine yenye nguvu zaidi, ingawa wachache wao huitaja. Mwaka 2024 kundi la watu waliokutana mtandaoni, wengi wao wakiwa nje ya vyuo, lilithibitisha kwamba namba ya tano katika mfululizo uitwao Busy Beaver, unaohesabu hatua nyingi kabisa ambazo programu ndogo ya ukubwa fulani inaweza kupiga kabla ya kusimama, ni 47,176,870, swali lililokuwa limekaa miongo kadhaa. Uthibitisho wa mwisho uliandikwa katika programu ya Coq na mtu anayejulikana kwa jina la mtandaoni tu, mxdys. Hakuna aliyeuliza ana shahada gani, kwa kuwa programu ile hukagua kila hatua na kukataa isiyofuata kutoka hatua zilizotangulia. Lean, ambayo Leonardo de Moura alianza kuijenga mwaka 2013, hufanya kazi hiyo hiyo na ni ya bure. Pengine katika historia nzima hakujawahi kuwa na chombo kinachomtendea haki mtu asiye na cheo kama hiki, na ningetamani kila mwalimu wa Hisabati wa mkoa huu akijue, hata kama kuipakua Lean pamoja na maktaba yake kunakula gigabaiti kadhaa za bando.

Lakini tuangalie vyombo hivi vinafanya nini hasa. Lean itakuhakikishia kwamba umethibitisha sentensi uliyoiandika. Haiwezi kukuambia kama sentensi hiyo ndiyo uliyokusudia, wala kama kuna mtu mwenye sababu ya kuijali. Programu ya mazungumzo nayo ina udhaifu mwingine, ambao kwa mtu aliye peke yake ni wa hatari zaidi. Niliipa moja ya programu hizo ukurasa wenye kosa nililoliweka kwa makusudi. Iliusifu ukurasa ule na kuniandikia aya mbili juu ya uzuri wa njia niliyoitumia. Nilipoiambia kuna kosa, iliomba radhi, kisha ikanionyesha kosa ambalo halikuwepo. Mwenzangu wa mkoa mwingine hakunisifu hata kidogo, na mstari wake mmoja uliniokolea mwaka mzima. Na hao wa Busy Beaver, ukiichunguza kazi yao, walikuwa jumuiya: walisomana, walikosoana na kugawana sehemu za kazi kwa miaka miwili kabla ya kutangaza.

Hoja dhaifu kuliko zote ni ile inayosikika zaidi, kwamba hisabati ni utafiti wa maskini kwa sababu hauhitaji maabara, ni kalamu na karatasi tu. Hata wakubwa huisema katika hotuba, nayo hufurahisha masikio. Kalamu na karatasi ndivyo vilivyo rahisi kupatikana. Ghali ni saa nne za utulivu mfululizo. Mwalimu mwenye madarasa yaliyojaa, mwenye zamu na vikao vya shule, na mwenye ndugu wanaomtegemea, huzipata saa hizo usiku wa manane, na kichwa cha usiku wa manane ndicho kinachozalisha makosa yanayohitaji macho ya mtu mwingine. Fermat alikuwa na cheo na mali. Smith alikuwa amestaafu. Ramanujan alipokuwa hana kitu alidhoofika hadi kukaribia kufa kabla bandari haijampa kazi, na hata kazi hiyo alisaidiwa na wakubwa walioijua hisabati yake. Kumwambia kijana wa Dodoma kwamba utafiti huu hauna gharama ni kumtwisha lawama ya kushindwa ambayo si yake.

Upande wa pili wako wahadhiri, na haki yao lazima isemwe. Mhadhiri anayekataa kusoma barua za watu wa nje ana sababu za zamani. Mwaka 1775 Akademia ya Sayansi ya Paris iliamua kutopokea tena kazi za watu waliodai wameweza kuugeuza mduara kuwa mraba wa eneo sawa kwa rula na bikari, kwa kuwa zilikuwa zimezidi. Mwaka 1882 Ferdinand von Lindemann alithibitisha kwamba jambo hilo haliwezekani, kama Pierre Wantzel alivyothibitisha mwaka 1837 kwamba si kila pembe inaweza kugawanywa mara tatu sawa kwa vifaa hivyo hivyo, na bado barua zinaendelea kuandikwa. Sasa programu zinaweza kuandika kurasa ishirini zinazofanana kabisa na uthibitisho ndani ya dakika moja, na saa za msomaji hazijaongezeka. Ninachotabiri ni kinyume cha uhuru unaotangazwa vijiweni: milango itazidi kufungwa, na watakaofungiwa kwanza ni wale ambao jina lao halijulikani. Mtu wa nje, basi, ana wajibu wa kumpunguzia msomaji mzigo. Ukurasa wa kwanza useme nini kinadaiwa, nini kilishajulikana, na hatua ipi ndiyo mpya, kisha mifano midogo ihesabiwe kwa mkono mbele ya macho yake.

Hata hivyo kufunga mlango kabisa kuna hasara yake, na sisi Watanzania tuna kielelezo chetu. Erasto Mpemba aligundua akiwa mwanafunzi wa Magamba, mwaka 1963, kwamba mchanganyiko wa moto wa aiskrimu uliganda kabla ya uliopoa. Mwalimu wake alimwambia amechanganyikiwa. Akiwa Mkwawa, Iringa, alimuuliza mgeni kutoka chuo cha Dar es Salaam, Denis Osborne, na wenzake wakamcheka. Osborne hakumwamini pia, lakini aliporudi chuoni aliagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja. Wanafizikia wanabishana mpaka leo kuhusu jambo lenyewe. Ninachokitazama mimi ni kile kitendo cha Osborne: mtu mwenye nafasi alitumia siku chache kukagua neno la asiye na nafasi.

Dodoma ya sasa ina watu wa kufanya kitendo hicho. Chuo Kikuu cha Dodoma kipo tangu mwaka 2007, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana pia, na tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kuhamia hapa, wizara na taasisi zimeleta watakwimu na wahandisi wengi ambao siku moja waliwahi kupenda uthibitisho fulani wakiwa mwaka wa pili wa chuo. Wote wako ndani ya nauli moja ya daladala. Chama cha Hisabati Tanzania kipo tangu mwaka 1966. Kinachokosekana, kwa nilivyoona mimi, ni meza ambayo asiye wa chuo anaweza kuiweka kazi yake ikasomwa. Haihitaji sera wala mfuko wa fedha. Inahitaji chumba chenye ubao, saa mbili za Jumamosi moja kila mwezi, na kanuni kwamba kila anayekuja na ukurasa wake asome kwanza ukurasa wa mwingine. Mazungumzo yawe kwa Kiswahili, kwa sababu nimeona mara nyingi mtu akificha asichokielewa nyuma ya Kiingereza cha kitabuni, na akikiri mara moja anapolazimika kusema “namba tasa” na “baki”.

Kwa swali la kuanzia ningependekeza bao, ambalo lina mashimo 32 na kete 64. Anayetakasa bila kula, kete zake huzunguka katika mashimo yake 16 tu. Mipangilio ya kete hizo ina kikomo, kwa hiyo mkono wake ama utalala, yaani zamu yake itakwisha, ama siku moja utarudi kwenye hali uliyokwisha kuipitia na kuzunguka milele. Ni mipangilio ipi inayozaa mkono usiolala, na mzunguko wake una urefu gani? Kompyuta ya kawaida inaweza kuhesabu mashimo manne na mashimo sita tukaona sura ya jambo, na wazee wanaocheza jioni watatuambia mengi kabla hatujaiwasha. Mimi nitakuja pia na ile kauntabuku. Kuanzia ukurasa wa mabaki sita nimeacha upande wa kushoto mtupu, kwa ajili ya kalamu nyekundu ya yeyote atakayekaa kusoma.